Vidole Vinane Chini ya Ukingo wa Pipa

Vijana wa bomba, marahaba. Najua hamjaniamkia bado, ila nimeitikia mapema tusipoteze muda. Mimi ni Somoe. Kwa miaka thelathini na ushee nimefunga mabomba kuanzia Kilwa mpaka Mingoyo, kwanza nikiwa mwajiriwa wa idara ya maji, baadaye nikiwa fundi wa kujitegemea. Sasa nimestaafu, nipo Tingi na mihogo yangu na ufuta wangu, na kitu pekee ninachokifunga siku hizi ni kanga kiunoni. Wapo wanaopita hapa kuniuliza habari za kazi. Wengi wanauliza pampu gani ni nzuri, gundi gani inashika. Hakuna anayeniuliza nimefurikisha sebule za watu mara ngapi, na hilo ndilo swali la maana.

Jibu ni mara mbili, na zote ni sebule ile ile.

Sebule yenyewe ilikuwa ya Mzee Bosco, pale Mingoyo. Alikuwa mtu wa Newala, aliyeteremka na magunia ya korosho wakati biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mzani akawa mnunuzi. Hakuwa mzee wa umri, alikuwa mzee wa mfuko. Akajenga nyumba ya bati jekundu na madirisha ya vioo, na aliporudi kutoka Dar safari moja akaniita. Akaniambia ameona ofisini kwa mtu tangi la kioo lenye samaki ndani, limesimama sebuleni kama kabati, na yeye analitaka kubwa kuliko lile.

"Kubwa kiasi gani?" nikamuuliza.

Akatembea hatua tatu ukutani. "Kutoka hapa mpaka hapa."

Ilikuwa mita mbili na nusu. Kwa upana wa sentimita sitini na kimo cha sabini, hesabu inatoa zaidi ya lita elfu moja. Wakati huo pale Mingoyo maji ya bomba yalikuja siku moja kwa wiki, Alhamisi, tena asubuhi tu. Nikamtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Na mimi sikuwa na nafasi ya kuchagua kazi. Idara ilikuwa imeanza kupunguza watu na jina langu lilikuwemo kwenye karatasi ile ya ubaoni, tena juu kabisa. Wenzangu wanaume walipata vibarua haraka. Mimi kila nilipobisha hodi niliulizwa, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Mzee Bosco hakuuliza hivyo. Aliniambia ukweli wake: anajenga gesti ya vyumba kumi na viwili pale njia panda, kila chumba na bafu lake. Nikimfungia tangi la samaki likakaa sawa mpaka siku ya kubariki nyumba, mabomba yote ya gesti ni yangu. Likiharibika, anamwita mtu kutoka Dar. Nikakubali palepale, na sikulala vizuri wiki nzima.

Sasa ngojeni niwaeleze kazi yenyewe, maana wengine mnadhani tangi la samaki ni ndoo ya kioo. Samaki wakikaa kwenye maji yaliyosimama, wanakufa. Maji lazima yatembee. Kwa hiyo unakuwa na tangi la juu wanamokaa samaki, na chombo cha chini kilichofichwa kabatini. Kwenye kona ya tangi la juu unajenga kisanduku cha kioo kisichofika juu kabisa. Maji yakipanda yanamwagikia ndani ya kisanduku, yanashuka kwa bomba hadi chombo cha chini, yanapita kwenye kokoto na sponji yanachujwa, halafu pampu inayarudisha juu. Yanazunguka hivyo usiku na mchana. Bomba la kushusha na bomba la kurudisha, ndiyo kazi yote, na ndiyo matatizo yote.

Bomba la kushusha nilifundishwa na marehemu Fundi Athumani kabla sijajua kwamba kuna watu wanafuga samaki sebuleni. Alikuwa Mmwera mfupi, msimamizi wangu idarani, mtu asiyepandisha sauti. Siku moja, kijijini Njinjo, nilifunga tangi la zahanati. Bomba la kuingiza inchi moja, na bomba la ovaflo la kutolea yanayozidi nalo inchi moja. Niliona ni haki: yanavyoingia ndivyo yatoke. Siku ya kwanza ya kupampu, tangi likajaa, ovaflo ikashindwa, maji yakateremka ukutani na kuingia stoo, juu ya unga wa nesi. Nesi alinena maneno ambayo sitayaandika hapa.

Fundi Athumani hakunigombeza. Alinipandisha juu ya tangi na ndoo mbili, akaniambia nihesabu. Ndoo ya kuingiza ilijaa kabla sijafika thelathini. Ndoo ya ovaflo nilifika sabini bado inadondokewa.

"Bomba lako la kuingiza lina nani nyuma yake?" akauliza kutoka chini.

"Pampu."

"Na la kutoka?"

La kutoka halikuwa na mtu.

"Basi," akasema. "Anayesukumwa na anayejiendea hawafiki pamoja. Yaingize kwa inchi, yatoe kwa inchi mbili. Halafu shuka, ukamwombe nesi radhi."

Kwa Mzee Bosco nikatoa kwa inchi mbili, na si bomba moja, mawili. Ndani ya kisanduku cha kona nikasimamisha la kwanza la kazi, na pembeni yake la pili la dharura, mdomo wake juu zaidi kwa upana wa kidole. La pili halifanyi kitu siku zote za maisha yake. Lakini samaki akifa akaziba la kwanza, au jani, au mtoto akatupia kandambili, maji yanapanda kidole kimoja na la pili linaamka. Wateja watawaambia bomba lisilofanya kazi ni hasara. Wajibuni kwamba hata paa halifanyi kazi kiangazi.

Pampu nayo msiisome kwenye boksi. Enzi zile za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, maduka ya Lindi yalifurika vitu ghafla. Sisi tuliozoea kusubiri elbo moja, kile kiungo cha kupindia bomba, kwa kibali cha mkoa, tukaona elbo za rangi nne zimepangwa kama maandazi. Raha tupu, mpaka ulipojaribu kuziunga: nyuzi za bomba la nchi hii hazikuingia kwenye soketi ya nchi ile, na plastiki nyingine ilipasuka ukiikoholea. Boksi la pampu ya Mzee Bosco lilitaja lita nyingi sana kwa saa. Hizo ni lita za kwenye boksi. Nikaichukua, nikaifunga mpira, nikaupandisha mdomo wa mpira hadi kimo cha tangi, nikajaza ndoo huku nikihesabu. Ilitoa nusu ya ilichoahidi, na nusu hiyo ilitosha sana. Ndoo na kuhesabu havijawahi kunidanganya mpaka leo.

Vioo vilikuja kutoka Dar juu ya lori, vimefungwa katikati ya magodoro, vikavuka Rufiji kwa kivuko na kutikiswa njia nzima. Kimoja tu kilipasuka, na Mzee Bosco akasema magodoro yale sasa yamejua kazi kuliko mafundi. Mtu wa vioo wa Lindi alitoboa matundu kwa kipande cha bomba la shaba, mchanga laini na mafuta ya taa, akizungusha polepole siku nzima. Siku hizi mna mashine ya kutoboa kwa dakika, na mabomba mnayachomelea kwa pasi. Sina kijicho. Kijicho kidogo tu.

Chini ya kabati nikaweka pipa la plastiki la lita mia mbili, nimelilaza na kulikata ubavu liwe kama hori. Samaki walikuwa perege wa bwawani kwake na wengine wekundu wadogo wa kutoka Dar. Kila jirani aliyekuja kutazama aliuliza swali moja, perege watakuwa tayari lini kwa kukaangwa.

Na ndani ya nyumba ile alikuwamo Bibi Skola, mama mzazi wa Mzee Bosco. Jina lake refu ni Skolastika, lakini hakuna aliyekuwa na pumzi ya kulimaliza. Alikuwa amekulia huko juu uwandani, ambako kisima kiko bondeni, na wanawake wanateremka alfajiri na kupanda na maji kichwani jua likiwa limeshawaka. Mguu wake mmoja ulipinda kidogo kwa ndani kutokana na ule mlima. Alinipenda tangu siku ya kwanza, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa mwanamke mwenye spana.

Shida ilikuwa masikio yake. Bibi Skola hakuweza kusikia maji yakitiririka akabaki amekaa. Bomba langu la kushusha lilikuwa linavuta hewa na maji pamoja, likikoroma kama mtu aliyelewa, na kila lilipokoroma alinyanyuka.

"Nani kafungua koki?"

"Ni tangi, Bibi. Maji hayapotei, yanazunguka."

"Yanazunguka kwenda wapi?"

"Yanarudi palepale."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, maji yakienda huwa hayarudi."

Nikaligeuza bomba lile mdomo uangalie chini kwa elbo, nikatoboa kitundu kidogo juu yake cha kupumulia, likanyamaza. Na kwa heshima ya Bibi sikuweka koki yoyote kwenye njia ya kushusha. Nilijua angeifunga. Hapo nilijiona mjanja, nimeshawajua watu wa nyumba. Kumbe nilikuwa nimejua nusu.

Furiko la kwanza lilikuja siku ya majaribio. Ili maji yasirukeruke juu, mdomo wa bomba la kurudisha niliuzamisha hadi karibu na sakafu ya tangi. Ulipendeza sana. Nikawasha, maji yakazunguka, Mzee Bosco akapiga makofi, na umeme ukakatika. Umeme wetu wa majenereta ya Lindi ulikuwa na tabia hiyo, unangoja ufurahi kwanza. Pampu ikazima, na lile bomba la kurudisha likaanza kuvuta kinyume, kama wale wanaovuta petroli kwa mpira kutoka kwenye gari la mtu. Maji yote ya tangi yakawa yanataka kuhamia pipani. Pipa likajaa, likamwagika, na mimi nikapiga magoti kwenye sementi nimeukumbatia mpira wa pampu, nimeubana kwa mikono miwili, napiga kelele waniletee msumeno nilikate lile bomba.

Zulia lilikuwa bado halijatandikwa, na Mzee Bosco alicheka. Bibi Skola alikuja na matambara na ndoo, akayakausha maji yote sakafuni, akayakamulia ndooni, akaenda kumwagilia mchicha. Hata tone moja halikupotea.

Tiba yake ni hii, na msisahau. Mdomo wa kurudisha ukae karibu na juu ya maji, na kwenye bomba hilo utoboe kitundu chini kidogo tu ya uso wa maji. Umeme ukikatika, maji yanashuka kidogo, kitundu kinapata hewa, mvuto unakatika. Kuna duka lilinishauri valvu ya kuzuia maji yasirudi. Niliifunga pia, na mwezi uleule uzi wa ukungu ukakwama mdomoni mwake, ikabaki wazi kama mlango wa msiba. Kitundu hakikwami ukikisafisha. Valvu iwe nyongeza, isiwe tegemeo.

Lakini hata kitundu kikifanya kazi, yapo maji yanayoshuka. Kwenye tangi lile, kila sentimita moja ya juu ilikuwa lita kumi na tano, robo tatu ya ndoo. Zikishuka mbili au tatu, pamoja na yaliyomo bombani, ni ndoo mbili na zaidi zinaingia pipani kwa mpigo. Kwa hiyo pipa lazima likae nusu tupu. Ile sehemu tupu ndiyo kitanda cha maji yanayokuja. Nikapiga hesabu, nikaacha nafasi ya kutosha na ziada, nikajaribu kuzima na kuwasha mara saba. Pipa halikumwaga hata tone. Zulia jekundu likatandikwa, nikarudi kwangu Lindi nikiimba.

Alhamisi iliyofuata, siku tatu kabla ya padri kuja kubariki nyumba, dereva wa Mzee Bosco alinijia na pikapu. Hakunisalimia vizuri. Alisema tu, "Dada, njoo na matambara."

Zulia lilikuwa limelowa kutoka kabatini hadi mlangoni, na rangi yake nyekundu imeanza kupanda kwenye miguu ya makochi. Mzee Bosco alikuwa amesimama katikati, suruali amekunja.

"Dada Somoe, hii ni mara ya pili."

"Naona, mzee."

"Jumapili padri anakuja hapa. Wanunuzi wanakuja, ndugu zangu wanakuja kutoka Newala. Wote nimewaambia habari za hili tangi. Niambie, kosa ni la nani? La pampu, la umeme, au lako?"

Nilifungua kabati. Pipa langu la nusu tupu lilikuwa limejaa hadi mdomoni, linang'aa. Na pembeni ya pipa, juu ya gunia la kokoto zilizobaki, lilikuwa limesahauliwa kopo la bati la kuchotea lenye mkono uliofungwa kwa waya. Kopo lile nililijua. Lilikuwa la Bibi Skola, na kila Alhamisi maji yalipokuja alitembea nalo nyumba nzima akijaza kila kitu: madumu, masufuria, mitungi, hata birika la chai.

Nikageuka. Bibi Skola alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, amesokota ncha ya kanga yake mpaka imekuwa kamba. Alikuwa anatazama miguu yake.

Wanangu, nawaambia nilichofikiri, msije mkadhani nilikuwa mtakatifu. Nilifikiri gesti. Vyumba kumi na viwili, mabafu kumi na mawili, jina langu njia panda ambapo kila lori linasimama. Ilikuwa ni kuinua kopo tu na kusema, "Mzee, muulize mama yako." Nilikuwa nimeshainua mkono. Halafu nikajiuliza Fundi Athumani angesemaje, na nilijua hakika. Angeniuliza, huyu mama ulimweleza kwamba ile nafasi ni ya nini? Sikuwa nimemweleza. Nilimfundisha mwenye nyumba, nikamfundisha dereva, nikamfundisha hata mpishi asimwage chumvi. Yule ambaye maisha yake yote hakuna chombo kilichomwona kikabaki nusu siku ya maji, yeye sikumwambia kitu. Nililisukuma lile kopo nyuma ya kokoto.

"Kosa ni langu," nikasema.

Mzee Bosco alishusha pumzi. "Basi kausha. Tangi limalizie. Gesti nitamwita mtu wa Dar."

Nilivuta zulia hadi uani na kuanza kulikamua. Sitawaficha, nililia. Nililia huku nakamua, na kwa kuwa maji yalikuwa mengi hakuna aliyeona tofauti. Ila Bibi Skola aliona. Alikuja akashika upande wa pili wa zulia, tukasokota pamoja, yeye kulia, mimi kushoto.

"Mbona hukunitaja?" akauliza.

"Hukujua, Bibi."

"Nilikuta pipa nusu. Nikasema huyu mtoto kasahau, na maji yenyewe yatafungwa saa nne. Nikakusaidia."

"Ni pipa la kuachwa nusu, Bibi. Umeme ukikatika kama leo, maji ya juu yanashukia humo. Yakikuta pamejaa, yanatoka nje."

Akaacha kusokota. Nikadhani hajaelewa. Kumbe alikuwa anakasirika.

"Sasa kwa nini hukuniambia kwamba ni ndoo ya kupanda nayo?"

"Ndoo ya kupanda nayo?"

"Wewe umeteka maji wapi?"

"Kwetu Kilwa, kisimani, nyuma ya nyumba."

"Ndiyo maana. Kwetu huko juu, ndoo ya kuweka ndani unaijaza mpaka mdomoni. Ndoo ya kupanda nayo mlima huijazi. Unaacha vidole vinne." Akaweka vidole vyake vinne kwenye ukingo wa ndoo iliyokuwa karibu, kimoja juu ya kingine. "Unaweka majani juu, unapanda. Maji yanacheza, yanapata pa kuchezea. Ukijaza kwa uroho, unafika nyumbani mgongo umelowa na ndoo imepungua vidole sita. Hata mtoto wa miaka saba anajua. Na wewe ni fundi wa serikali."

Nikacheka, machozi bado yapo. Sikuwahi kufundishwa hesabu ile kwa maneno mazuri namna hiyo, si idarani wala kwingine kokote.

"Kwa pipa lile, Bibi, vinne havitoshi. Vinane."

Akafikiri. "Mlima wako mrefu," akasema.

Jioni hiyohiyo, mwenyewe, bila kutumwa, alimfuata mwanawe sebuleni na kumwambia kwamba aliyejaza pipa ni yeye, na kwamba akimwita mtu wa Dar basi na huyo mtu wa Dar atajaziwa vilevile. Mzee Bosco alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Hakuwa mtu wa kurudisha maneno yake upesi. "Tutaona Jumapili," akasema.

Ijumaa tukayachota maji yaliyozidi. Bibi Skola akapima vidole vinane kutoka ukingoni, akachana kipande cha kanga ya zamani na kukifunga kulizunguka pipa mahali pale. Mimi nilitaka kuchora mstari kwa rangi. Akasema mstari unasomwa na waliokwenda shule, kanga inasomwa na kila mtu. Jumamosi nikazima na kuwasha mara kumi na mbili, nikarudi kesho yake na gauni langu la Idi.

Nilipoingia Jumapili nilikuta ugeni umejaa, na kilichonitisha hakikuwa padri wala wanunuzi. Ni wanawake sita kutoka Newala, dada na binamu za Bibi Skola, wote wana ile miguu ya mlimani. Wote sita tangu jana jioni wako ndani ya nyumba yenye pipa lililo nusu. Nikamtafuta Bibi Skola kwa macho. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa kabati, sahani ya pilau mapajani.

"Bibi, shikamoo. Mbona hujakaa kwenye kochi?"

"Marahaba. Sijaondoka hapa tangu asubuhi," akanong'ona. "Dada zangu wana mikono."

Padri alibariki, akanyunyiza maji ya baraka kila chumba, na alipofika kwenye tangi akalinyunyizia pia, jambo ambalo perege hawakulihitaji. Mzee Bosco akasimama kusema machache. Akaeleza korosho, akaeleza safari, akanyoosha mkono kuonyesha tangi, na umeme ukakatika. Feni zikalegea. Redio ikanyamaza katikati ya neno. Watu wote wakageukia kule mkono wake ulikoelekea, na katika ukimya ule yakasikika maji yakishuka. Mzee Bosco hakuushusha mkono. Mimi nilikuwa nyuma karibu na mlango, nikayatazama maji ya tangi yakiteremka sentimita moja, ya pili, na kitu kama nusu. Kitundu kikavuta hewa, kikapiga mluzi mdogo. Kisha kimya.

Bibi Skola aliweka sahani chini, akafungua kabati, akaingiza mkono. Watu walidhani anatafuta kijiko. Alipima ukingoni polepole, kidole juu ya kidole, akautoa mkono umekauka.

"Limemeza," akasema. "Na vinne vimebaki."

Ni watu watatu tu katika sebule ile walioelewa. Mmoja alikuwa Mzee Bosco, naye wakati wa chai alinijia na sahani yangu mwenyewe, akasema Jumatatu ya pili kutoka hapo waashi wanaingia gestini pale njia panda, nije na vipimo.

Nilikwenda Jumatatu ile, alfajiri kabisa, na mkoba wangu na spana mbili mpya, nikijua nitakuwa wa kwanza kufika. Waashi hawajafika. Mchanga umelowa umande. Na kando ya nguzo zitakazobeba tangi la juu la gesti, akiwa ameketi juu ya ndoo aliyoifudikiza, mguu wake uliopinda ameunyoosha mbele, alikuwa Bibi Skola.

"Umechelewa, fundi," akasema. "Na hilo la juu, utaliachia vidole vingapi?"